Mwalimu Mgeni Siku ya Grevi



Huku kwetu Manika, mwalimu mgeni ni mtu tunayemjua. Wamoja kati yetu walikuwa walimu wageni wenyewe: walifundisha Zambia ao Angola mbele ya kurudi. Wengine tulifundishwa na wageni: mapadri na masista wa Ubelgiji, wakooperanti wa wakati wa Mobutu, Wahaiti. Katika historia ile yote tunapenda kuangalia jambo moja tu: mgeni anafanya nini siku wanafunzi wanakataa kuingia darasani? Swali hili si la zamani tu. Mwaka huu lilitufikia sisi wenyewe, na linagusa hata feza mnazotoa.

Namna wageni walifika

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru. Ukiacha mapadri, wahitimu wa chuo kikuu hawakufika hata 30 kwa inchi nzima. Siku chache nyuma yake askari wa Force Publique wakaasi, Wabelgiji wengi wakakimbia, na tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. Masomo mengi ya sekondari yakabaki na watoto lakini bila walimu. Ndipo Umoja wa Mataifa na UNESCO wakaanza kutafuta watu wanaojua Kifaransa, popote walipo. Wengi walitoka Haiti, ambako utawala wa Duvalier, ulioanza 1957, ulikuwa unatesa wasomi. Mhaiti alipata kazi na usalama, Kongo ikapata mwalimu. Hapa Kolwezi, ngome ya mwisho ya Tshombe, kujitenga kuliisha Januari 1963, askari wa Umoja wa Mataifa walipoingia mjini.

Tuseme ukweli: bila wageni wale, watoto wengi wangekaa nyumbani. Lakini mwanafunzi naye ana macho. Alikuwa katika inchi yake huru, na huku programu imetoka nje, mwalimu ametoka nje, na mkubwa wa chuo ametoka nje.

Wanafunzi wanasimama

Chuo Kikuu cha Lovanium, juu ya kilima kando ya Léopoldville, kilianzishwa 1954 na wakubwa wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain. Machi 1964 wanafunzi walifunga kampus, masomo yakasimama. Walitaka kushiriki katika uongozi, na walitaka chuo kiwe cha Kongo kweli, si tawi la Louvain. Rekta alikuwa Mgr Luc Gillon, Mbelgiji. Mkongo wa kwanza kushika kiti kile alikuwa Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi, mtoto wa Katanga yetu. Alikishika mwaka 1967, miaka mitatu nyuma ya grevi.

Baadaye mambo yakawa ya damu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa juu ya burse na maisha yao magumu. Jeshi liliwapiga risasi, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Juni 1971, walipotaka kuwakumbuka wenzao, Lovanium ilifungwa na wanafunzi wake wengi wakaandikishwa jeshini kwa nguvu. Agosti mwaka uleule serikali ikaunganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa kimoja, UNAZA. Kampus ya Lubumbashi, iliyofunguliwa 1956 kama chuo kikuu cha serikali, ikapokea mafundisho ya lugha, historia na elimu ya jamii.

Fikirini mwalimu mgeni katika siku zile. Akisimama na wanafunzi, anaweza kurudishwa kwao kesho. Akisimama na serikali, anafundisha viti vitupu, na wale waliobaki wanamwona kama mtu wa askari. Njia ya tatu ilikuwepo, nayo ni ya kusikiliza. Kati ya wageni waliofundisha Lubumbashi miaka ile ya 1970 kuna Johannes Fabian, Mjerumani. Alikaa na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, akamwomba aeleze kwa Kiswahili historia ya inchi kama yeye anavyoiona katika picha zake. Maneno yale yakawa kitabu. Hakuzuia risasi hata moja, ni kweli. Lakini alikubali kwamba mwenye kujua historia ya Kongo ni Mkongo, na kwamba yeye mwenyewe ni mwanafunzi.

Mgeni anaondoka, nini kinabaki?

Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi toka Angola kwa kupitia Zambia. Tarehe 19 askari wa Lejio ya Ufaransa wakaruka kwa parashuti. Watu wengi walikufa, weusi kwa weupe. Wazungu walipakiwa katika ndege, na kati ya weusi wengi walikimbilia Angola. Baadhi ya familia za chama hiki njia yao ilianzia pale.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampus ya Lubumbashi. Ubelgiji ilisimamisha msaada wake na kudai uchunguzi wa kimataifa. Mobutu akakasirika, akarudisha wakooperanti kwao. Walimu ambao hawakuwa na neno katika jambo lile waliondoka, na madarasa yao yakabaki.

Kisha ikaja 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Walimu wengi walikuwa kati yao. Watu waliozaliwa hapa waliitwa wageni kwa siku moja, wakalala katika gare kungoja treni. Tunaandika jambo hili kwa upole, kwa sababu katika chama hiki waliofukuzwa na waliobaki wanakaa meza moja. Lakini somo lake liko wazi: neno "mgeni" linaweza kumwangukia mtu yeyote, na likianguka, mtoto njo anapoteza mwalimu.

Na sisi leo

Mnajua kwamba watoto waliorudi toka Zambia walisoma kwa Kiingereza, na wa Angola kwa Kireno. Hapa kila kitu ni kwa Kifaransa. Kijana wa miaka 16 anawekwa na watoto wa miaka 10, si kwa kukosa akili, ila kwa kukosa lugha. Mwaka huu, katika masomo moja ambapo walimu wetu wa kujitolea wanaenda kusaidia Kifaransa, vijana wa namna ile walikataa kuingia. Walikaa katika uwanja siku nne. Wakubwa wa pale waliomba walimu wetu waendelee na wale wachache walioingia, ili ionekane kwamba masomo yanatembea.

Walimu wetu walikuwa wageni pale. Walikuja asubuhi kwa saa yao ya kawaida, wakasalimia wakubwa kwa heshima, kisha wakaenda kukaa uwanjani. Hawakutia moto wala hawakufundisha. Waliwauliza vijana wanataka nini, wakaandika. Mambo yalikuwa matatu: wapimwe hesabu kwa lugha waliyosomea, karatasi zao za Zambia zisomwe na mtu anayejua Kiingereza, na wakae na wenzao wa umri wao katika masomo yasiyodai Kifaransa kingi. Siku ya tano wazazi, vijana na wakubwa walikaa pamoja. Mambo mawili ya kwanza yalikubaliwa. La tatu lingali linangoja.

Mfadhili mmoja ametuuliza kwa nini ripoti inaonyesha siku nne bila masomo, na feza ya usafiri wa walimu imetumika. Jibu letu ni hili: siku nne zile walimu walikuwa kazini. Kama wangefundisha viti vitupu, ripoti ingekuwa nzuri, na vijana wasingewaamini tena. Historia ya inchi hii inatuonyesha kwamba grevi ikivunjwa haiishi, inarudi na uchungu zaidi.

Kwa hiyo tunaleta maombi mawili mbele ya mkutano mkuu. La kwanza, walimu wetu wasitumiwe kamwe kuvunja grevi, iwe ya wanafunzi ao ya walimu wenzao, na darasa letu la jioni libaki kwa saa yake ileile. La pili, sehemu ya feza ya mwaka kesho iende kufundisha vijana waliorudi wawe wasaidizi wa Kifaransa kwa wadogo zao. Wakooperanti walikuja, wakaenda. Sisi wafanyakazi wa mashirika pia tutaenda siku moja, mradi ukiisha. Kijana wa Manika aliyejifunza kufundisha atabaki hapa.

Mwenye wazo ao ubishi alete kwa mwandishi wa chama mbele ya mkutano. Tutasoma yote.