Damu, Mabomba na Mchanga: Habari za Kanuni Moja ya Mwendo wa Maji

Katika maktaba zetu vitabu vya utabibu huwekwa katika rafu moja, vya elimu ya miamba katika rafu nyingine, na vile vya hesabu za maji na mabomba huwekwa mbali kabisa, aghalabu katika chumba cha wahandisi. Mpango huo wamfaa mtunza maktaba, lakini humpotosha mwenye kutaka kujua historia. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi kanuni moja ilivyozaliwa katika swali la tabibu juu ya damu, ikathibitishwa katika mirija ya kioo iliyo myembamba kuliko unywele, kisha ikaonekana tena katika mchanga na miamba, mikononi mwa mhandisi aliyeutafutia mji wake maji safi. Kisha nitagusa jambo linalotuhusu sisi tunaoshughulika na lugha, yaani majina ya mambo hayo katika Kiswahili. Maana huko nako twazikuta rafu zile zile tatu.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba zamani mtu mmoja aliweza kuwa tabibu na mtaalamu wa maji pasipo mtu kushangaa. Daniel Bernoulli, ambaye kitabu chake Hydrodynamica cha mwaka 1738 kiliipa elimu ya mwendo wa maji jina lake huko Ulaya, alipata shahada ya utabibu kwa maandiko juu ya kupumua, na baadaye alifundisha elimu ya viungo vya mwili katika Basel. Thomas Young, ambaye wengi wamjua kwa elimu ya mwanga, alikuwa tabibu wa London, na mwaka 1808 alitoa hotuba juu ya kazi ya moyo na mishipa ya damu. Kabla yao Stephen Hales, kasisi wa Teddington, alitia kijibomba cha shaba nyeupe katika mshipa wa paja la farasi jike, akakiunga na mrija mrefu wa kioo, akatazama damu ikipanda. Ilipanda futi 8 na inchi 3. Habari hizo alizichapisha mwaka 1733, nazo ndizo vipimo vya kwanza vya nguvu isukumayo damu ndani ya mshipa. Jaribio lenyewe halipendezi kusimuliwa, na yule mnyama hakupona.

Basi mrija wa urefu huo hauwezi kuwa chombo cha kazi. Aliyeondoa shida hiyo ni Mfaransa Jean Léonard Marie Poiseuille, aliyezaliwa Paris mwaka 1797, mwana wa seremala. Mwaka 1815 aliingia École Polytechnique, shule iliyosifika kwa hesabu na fizikia, lakini mwaka uliofuata serikali iliifunga kwa sababu za siasa, naye akageukia utabibu. Hatuwezi kujua angekuwa nani kama shule isingefungwa. Lililo wazi ni kwamba aliingia katika utabibu akiwa na mazoea ya kupima, mazoea ambayo matabibu wengi wa siku zile hawakuwa nayo. Katika maandiko yake ya shahada ya mwaka 1828 alieleza chombo kilichopindwa mfano wa herufi U, chenye zebaki ndani. Kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, ile damu iliyopanda futi 8 katika mrija wa Hales sasa ilihitaji zebaki ya kimo cha sentimita 20 hivi tu. Ili damu isigande, alijaza nafasi iliyo kati ya mshipa na zebaki kwa maji yenye chumvi ya potasi. Tangu siku hizo matabibu wameendelea kuandika nguvu ya damu kwa milimita za zebaki, hata pale ambapo chombo chenyewe hakina zebaki tena.

Kwa chombo hicho aliona jambo lililomshangaza: msukumo wa damu katika mishipa mikubwa haupungui sana kadiri tuendavyo mbali na moyo. Ikiwa ni hivyo, msukumo huo hupotelea wapi, na damu hurudije moyoni ikiwa imetulia? Jawabu lilikuwa lazima liwe katika mishipa midogo, ile isiyoonekana kwa macho matupu. Lakini mishipa hiyo haipimiki, na damu nje ya mwili huganda. Kwa hiyo Poiseuille aliiacha damu, akachukua maji. Akaacha mishipa, akachukua mirija ya kioo. Tangu mwaka 1838 alipitisha maji katika mirija ambayo kipenyo chake kilikuwa baina ya milimita 0.015 na 0.6, akiyasukuma kwa hewa iliyoshindiliwa, na kuangalia joto la maji kwa uangalifu mkubwa, maana alikwisha tambua kwamba maji ya moto hupita upesi kuliko maji ya baridi. Matokeo aliyapeleka mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Chuo kilichagua wajumbe wa kuyachunguza, nao waliyarudia baadhi ya majaribio kabla ya kuyakubali. Maandiko kamili yalitoka mwaka 1846.

Kanuni aliyoipata yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Kiasi cha maji kipitacho katika mrija kwa muda fulani hukua sawasawa na msukumo, hupungua sawasawa na urefu wa mrija, na hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Tukipunguza kipenyo cha mrija kuwa nusu, tusidhani kwamba maji yatapungua kuwa nusu, wala robo. Yatabaki sehemu moja katika 16. Tabibu yeyote akifahamu hesabu hiyo ataelewa kwa nini mwili waweza kugawa damu kwa kukaza na kulegeza mishipa midogo kidogo tu, na kwa nini sindano nene ndiyo itakiwayo pale mgonjwa anapohitaji damu kwa haraka.

Haki yataka tuseme kwamba hakuwa peke yake. Gotthilf Hagen, mhandisi Mjerumani, naye pia mzaliwa wa 1797, alitangaza mwaka 1839 majaribio aliyoyafanya kwa mabomba ya shaba nyeupe, na hesabu zake zilielekea kipeo kile kile cha nne. Huyu alitoka upande wa bandari na mifereji, yule upande wa moyo, wala hapana dalili kwamba mmoja alimfuata mwenzake. Uthibitisho wa kanuni hiyo kwa njia ya nadharia ulikuja baadaye, karibu na mwaka 1860.

Kuna kinyume kimoja ambacho waandishi wengi hukipita. Kanuni iliyotafutwa kwa ajili ya damu yaitii maji vizuri kuliko damu. Mwaka 1931 Robin Fåhræus na Torsten Lindqvist, wataalamu wa Sweden, walionyesha kwamba katika mirija ya chini ya milimita 0.3 damu hupita kwa urahisi zaidi kuliko hesabu inavyosema, kana kwamba imekuwa nyepesi. Sababu yake ni kwamba chembe nyekundu hukimbilia katikati na kuacha utando wa maji ya damu ukingoni. Sasa, utando huo mweupe wa kandokando ya mshipa aliuona Poiseuille mwenyewe kwa hadubini katika mishipa ya chura, na akaueleza katika miaka ya 1830. Alikuwa ameshika ncha zote mbili za uzi, ila hakujaliwa kuzifunga pamoja.

Tugeukie mchanga. Henry Darcy alizaliwa Dijon mwaka 1803, katika mji uliokuwa na maji mabaya na machache. Yeye ndiye aliyeuletea maji ya chemchemi ya Rosoir kwa mfereji uliofunikwa wa kilomita 12.7, uliofika mjini mwaka 1840. Na kwa kazi hiyo alikataa malipo. Baadaye, afya yake ikiwa imeharibika, aliacha kazi za serikali na kurudi kwenye swali lililokuwa likimsumbua: maji hupitaje katika mchanga wa kuchujia? Mwaka 1855 na 1856 majaribio yalifanywa katika hospitali ya Dijon, kwa nguzo ya chuma yenye kimo cha mita 2.5 na kipenyo cha sentimita 35, iliyojazwa mchanga. Juu na chini ya nguzo palifungwa vipimo vya zebaki vilivyopindwa mfano wa U. Msomaji atavitambua: ni ndugu wa kile chombo kilichotiwa katika mshipa wa mnyama mwaka 1828. Darcy aliona kwamba maji yapitayo hukua sawasawa na tofauti ya msukumo, na hupungua sawasawa na unene wa mchanga. Aliyachapisha mambo hayo katika nyongeza ya kitabu chake cha mwaka 1856 juu ya maji ya Dijon. Akafa mwanzoni mwa 1858. Nyongeza hiyo ndiyo msingi wa elimu yote ya maji yaliyo chini ya ardhi, na ya mafuta ya petroli pia. Wachimbaji wa mafuta hupima miamba kwa kipimo kiitwacho darcy, kama vile wapimao vimiminiko walivyokuwa na kipimo kiitwacho poise.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kanuni ni moja, mbona katika mchanga hatusikii habari za kipeo cha nne? Sababu ni nyepesi. Tukifanya punje za mchanga kuwa nusu ya ukubwa wake, kila kijitundu hupitisha sehemu moja katika 16. Lakini katika eneo lile lile sasa vijitundu ni vinne mahali pa kimoja. Basi jumla hupungua kuwa robo. Kipeo cha nne kimo, ila kimejificha ndani ya wingi wa njia.

Sasa niseme juu ya majina. Neno msukumo nimelitumia katika makala hii kwa hiari yangu. Hospitalini watu husema presha, na katika maandishi shinikizo la damu. Mwalimu wa fizikia humfundisha mwanafunzi kanieneo. Fundi bomba hana haja na yote hayo. Husema maji yana nguvu au hayana. Jambo ni moja, na historia tuliyoisimulia yashuhudia kwamba ni moja, kwa kuwa lilipimwa kwa chombo kimoja. Kanieneo limeundwa kwa ufundi, kani juu ya eneo, lakini halikutoka darasani. Kwa maoni yangu shinikizo lingefaa kwa wote watatu, maana mtu yeyote aliyewahi kushinikizwa alijua maana yake kabla ya kusoma fizikia.

Mnato ni neno gumu zaidi. Asili yake ni kunata, na kitu hunata juu ya kitu kingine, kama gundi. Hali ile ambayo Poiseuille aliikuta ni ya kimiminiko kujizuia chenyewe. Mpishi husema uji mzito, mchuzi mzito, na huelewa vema kuliko mwanachuo. Walakini uzito una kazi nyingine: mafuta ya nazi huelea juu ya maji, kwa hiyo ni mepesi, lakini yakimiminwa huenda polepole kuliko maji. Kwa ajili ya mfano huo mmoja nakubali mnato ubaki, ijapokuwa kwa shingo upande.

Mambo haya si ya Dijon tu. Kipindupindu kiliupiga mji wa Unguja mwaka 1869 na 1870, na katika utawala wa Sultani Barghash, uliodumu 1870 hadi 1888, maji ya chemchemi za upande wa Bububu yaliletwa mjini kwa mabomba. Lakini katika nchi ya maweni, ambako hapana mito, watu wametegemea visima, na humo maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Mholanzi Badon Ghijben mwaka 1888 na Mjerumani Herzberg mwaka 1901 walieleza hesabu yake: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama mita 40 chini yake. Kanuni ya Darcy hutuambia jinsi maji hayo yanavyosogea katika mwamba, pole pole, isipokuwa penye mapango na nyufa kubwa, ambako maji huenda kwa vurugu na hesabu yake hukoma. Mtu achotaye kwa ndoo hupunguza maji kidogo, na mvua hurudisha. Afungaye pampu akashusha maji mita moja huyakaribisha yale ya chumvi yapande kutoka chini, hata kufikia mita 40 kama atavuta kwa muda wa kutosha. Na yakisha kupanda, huchukua muda mrefu sana kushuka.