Trekta lilifika Kongwa, palizi ikabaki kwa jembe

Mashamba ya Ihumwa, mashariki mwa jiji la Dodoma na jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba, yanategemea msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, ambayo kwa wastani haifiki milimita 600. Mvua hiyohiyo inayootesha uwele, mtama na karanga ndiyo inayootesha ndago. Maji yanayonyonywa na magugu hayarudi, na anayechelewa kupalilia anavuna makapi.

Wagogo walilijua hilo zamani. Katika kilimo chao cha kuberega, shamba husafishwa na mabaki kuchomwa, kisha mbegu hupandwa bila ardhi kulimwa. Jembe huingia kwa uzito wakati wa palizi, kwa hiyo palizi ndiyo kulima kwenyewe. Majembe ya chuma yalikuwa mali. Katika karne ya 19 misafara kutoka Unyamwezi iliyapitisha Ugogo, na mengine yalitolewa kwa watemi kama hongo, yaani ushuru wa kupita.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula iliamua kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Kazi ilianza Kongwa, hukohuko Ugogo, mwaka 1947, kwa ndoto ya ekari zaidi ya milioni tatu. Yaliletwa matrekta yaliyotumika vitani, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Visiki na mizizi vilivunja majembe ya mashine, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kuwa mgumu, mvua nazo zikakosekana. Januari 1951 mradi uliachwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36.

Usukumani, kwenye pamba, mashine iliingia kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1950 plau za kukokotwa na maksai zilienea na mashamba yakapanuka. Lakini plau ililima tu. Pamba hukua polepole wiki zake za mwanzo na kuzidiwa haraka na magugu, hivyo huhitaji kupaliliwa mara kadhaa, tena wakati uleule mahindi na mtama navyo vinadai jembe. Familia hupalilia chakula kwanza, na pamba husubiri. Ekari zilizoongezwa na plau ziliwaangukia wanawake na watoto, waliozipalilia kwa mkono.

Viuagugu vilitoa ahadi ya kuwapumzisha. Dawa ya 2,4-D iliingia sokoni Marekani mwaka 1945, lakini huua mimea ya majani mapana, na pamba ni mmojawapo. Miaka ya 1960 ikaleta trifluralin, inayochanganywa na udongo kabla ya kupanda. Mwaka 1974 kampuni ya Monsanto ilianza kuuza glyphosate, na kufikia 1997 wakulima wa Marekani walikuwa na pamba iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili dawa hiyo. Katikati ya miaka ya 2000, mashamba ya pamba ya jimbo la Georgia yakaota mchicha pori usiouawa na glyphosate.

Pamba yetu haina ustahimilivu huo. Ikinyunyiziwa glyphosate, inakufa pamoja na magugu. Mjadala wa vinasaba ulifika hapa Dodoma kupitia mahindi: majaribio yaliyoanza Makutupora mwaka 2016 yalisitishwa na Wizara ya Kilimo Novemba 2018. Udhibiti wa viuatilifu, uliokuwa mikononi mwa taasisi ya TPRI ya Arusha, sasa uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020.

Historia hii ina somo moja: kila aliyerahisisha kulima bila kurahisisha palizi alimwongezea mama mzigo. Leo wataalamu wanahimiza pamba ipandwe kwa sentimita 60 kwa 30 badala ya 90 kwa 40. Majani hufunika ardhi mapema na kuyanyima magugu jua, lakini maksai hupita kwa shida katika mistari iliyobanana. Mkulima anayepewa ushauri wa nafasi apewe pia kifaa kinachopita katika nafasi hiyo, kwa bei anayoimudu. Na anayeuziwa dawa afundishwe kipimo, wakati wa kunyunyiza na namna ya kujikinga, kabla bomba halijapanda mgongoni. Vyama vya ushirika na halmashauri vianzie hapo.