Biskuti za Divai: Kutoka Nchi ya Mtakatifu Gaspar hadi Jiko la Itigi



Kila mwaka Majilio yanapokaribia, wazazi wengi huanza kuhesabu fedha: nguo za watoto, mchele, nyama, soda, na pakiti za biskuti. Baba asiyeweza kuleta hata pakiti moja hujiona amewaangusha wanawe, na pengine aibu hiyo humzuia hata kuja kanisani siku ya Noeli. Juma hili tumeona vema tuitazame biskuti katika historia yake, kwa maana historia hiyo inapita karibu na mlango wetu hapa Itigi, nayo ina neno la kumwambia baba huyo.

Tuanze na jina. Katika Kilatini, bis ni mara mbili, na coctus ni kilichopikwa. Waitalia wakapata neno biscotto, Wafaransa na Waingereza wakalitamka kwa namna zao, nasi tukalipokea kwa Waingereza tukasema biskuti. Maana yake ya asili, basi, ni mkate uliookwa mara mbili: mara ya kwanza uive, mara ya pili ukauke. Mkate uliokauka hauoti ukungu upesi. Kwa sababu hiyo ulikuwa chakula cha askari wa Roma, mabaharia na wasafiri, watu wasiokuwa na hakika ya kupata mkate wa siku ile. Hata biskuti maarufu za mji wa Prato, ambako Antonio Mattei alifungua duka lake mwaka 1858, hufuata desturi hiyo: donge refu lenye lozi huokwa, hukatwa vipande, kisha vipande hurudishwa motoni. Biskuti ilizaliwa na haja ya kuhifadhi chakula, wala si na tamaa ya anasa.

Italia ina biskuti za kila mkoa, na si zote huokwa mara mbili. Sisi tunavutwa hasa na zile za Lazio, mkoa wa Roma na vilima vyake vya kusini. Huko akina mama huoka vipete vidogo viitwavyo ciambelline al vino, yaani vipete vya divai. Kipimo chake ni rahisi hata asiyejua kusoma hukikumbuka: bilauri moja ya divai, moja ya mafuta ya zeituni, moja ya sukari, na unga wa ngano kadiri mchanganyiko utakavyokubali mpaka donge liwe laini lisilonata mikononi. Wengine huongeza mbegu za anisi, zenye harufu iliyo karibu na ile ya shamari. Donge hufinyangwa kuwa kamba nyembamba, ncha zikaunganishwa, upande mmoja ukachovywa katika sukari, kisha vipete huokwa mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Havina yai, maziwa wala siagi. Ni chakula cha watu waliotumia kile walichokuwa nacho nyumbani: mzabibu, mzeituni na ngano.

Nchi hiyo inatuhusu sana. Mtakatifu Gaspar del Bufalo, ambaye hospitali yetu ya Itigi inaitwa kwa jina lake, alizaliwa Roma tarehe 6 Januari 1786. Alipokuwa padre kijana alikataa kula kiapo cha utii kwa Napoleon, akapelekwa uhamishoni na kufungwa gerezani. Aliporudi alianzisha Shirika la Wamisionari wa Damu Azizi huko Giano, Umbria, tarehe 15 Agosti 1815. Mwaka 1821 Papa Pius VII alimtaka afungue nyumba za kimisionari katika vilima vya kusini mwa Roma, ambako ujambazi ulikuwa umewashinda watawala. Serikali ilikuwa imejaribu nguvu, hata ikaamuru mji wa Sonnino ubomolewe. Gaspar alikwenda na msalaba na mahubiri.

Mwaka 1822 alihubiri Vallecorsa, mji mdogo wa vilima vya mawe, ambako wakulima walijenga kuta za mawe matupu ili kuzuia udongo mchache wa mizeituni yao. Mtu wa Singida hahitaji kuelezwa maana ya kulima kati ya mawe. Katika umati ule alikuwamo msichana wa miaka kumi na saba, Maria De Mattias. Tarehe 4 Machi 1834, huko Acuto, alianzisha Shirika la Masista Waabuduo Damu ya Kristo. Naye akatangazwa mtakatifu tarehe 18 Mei 2003. Mashirika hayo mawili, basi, yalikulia kati ya watu wa divai, mafuta na unga.

Kwetu huku, reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Itigi ikawa kituo katikati ya vichaka vizito ambavyo wataalamu wa mimea duniani wanavijua kwa jina la mji wetu. Mwaka 1966 Wamisionari wa Damu Azizi kutoka Italia walianza kazi nchini Tanzania, na mwaka 1972 Jimbo la Singida likaundwa. Leo mapadre wengi wa shirika hilo hapa nchini ni Watanzania. Vijana hutuuliza: je, wageni wale wametuachia nini? Kwa kawaida tunajibu kwa kuhesabu majengo: hospitali, shule, makanisa. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Urithi wa imani hupokelewa pia mezani, na aliyepokea kitu kwa mwenzake hakugeuka kuwa yule mwenzake.

Hebu tuangalie kipimo kile cha Lazio kikiwa jikoni kwetu. Mafuta ya zeituni hatuna, lakini Singida ni nchi ya alizeti. Divai haiko mbali: jirani zetu wa Dodoma wanalima zabibu, na wamisionari wa Bihawana wanatajwa miongoni mwa walioanzisha kilimo hicho katika miaka ya 1950. Ngano hulimwa Hanang. Asali ya Manyoni na Itigi inaweza kushika sehemu ya sukari. Tanuri nalo si lazima. Akina mama wa pwani wameoka vileja na mikate kwa vizazi vingi kwa moto wa juu na chini: makaa machache chini ya sufuria, na makaa mengine juu ya kifuniko. Vipete vyetu vitaiva vivyo hivyo, mradi moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu.

Wapo watakaouliza juu ya divai. Moto huondoa sehemu kubwa ya kileo, lakini si lazima yote. Kwa watoto, na kwa ndugu anayepambana na ulevi, tutumie maji ya zabibu. Upendo hauweki kikwazo mbele ya mwenzake. Tena tusichanganye mambo: mkate wa altare ni ngano na maji tu, bila mafuta wala sukari, kama Kanisa linavyoagiza. Biskuti ni chakula cha nyumbani, nacho kina baraka yake.

Hatusemi kwamba biskuti hizi ni za bure. Unga na sukari vina bei, na zipo nyumba ambazo bei hiyo ni mzigo. Lakini mjane wa Sarepta hakuwa na zaidi ya konzi ya unga na mafuta kidogo chupani, tena alikuwa akiokota kuni mbili ili ale na mwanawe kisha wafe. Nabii Eliya hakumwomba aende sokoni. Alimwomba kimkate kidogo kutokana na kile kilichokuwamo ndani, na nyumba nzima ikaishi.

Ndiyo maana tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zijaribu jambo hili katika Majilio. Mmoja alete unga, mwingine mafuta, mwingine sukari au asali, na asiye na kitu alete mkaa au mikono yake. Vipete vikishapoa na kukauka, vifungwe katika kitambaa safi na kutunzwa mpaka sikukuu. Fungu la kwanza liende kwa wagonjwa wodini wanaoruhusiwa kuvila, la pili kwa wazee wasiotembelewa, na linalobaki ligawiwe sawasawa katika kila nyumba. Hapo yule baba atakwenda nyumbani na biskuti mkononi, naye atakuwa ameshiriki kuzioka. Watoto wake watajua kwamba sikukuu haikununuliwa dukani, na yeye atakuja kanisani bila aibu.

Amani ya Kristo ikae nanyi nyote. Amina.