Mgombea Huru, au Mgombea Kivyake?

Kamati moja ya istilahi, ambayo sitaitaja kwa kuwa wajumbe wake wanajijua, imeridhika kwamba anayewania kiti bila tiketi ya chama aitwe "mgombea huru". Magazeti yamefuata, redio zimefuata, na hapa Bomet mabango ya kila uchaguzi yamefuata. Mimi sijafuata, na naomba nieleze sababu hadharani, maana nilipoieleza kwa barua sikujibiwa.

Tuanze na "huru" lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, hurr, yaani mtu asiye mtumwa. Pwani neno hili lilikuwa na uzito wa sheria kabla halijawa la siasa: mtumwa aliachwa huru, lakini aliyezaliwa mwungwana hakuhitaji sifa hiyo, kwani hakuna aliyemfungua. Likaja vuguvugu la kudai uhuru, na mwaka 1963 neno likapandishwa pamoja na bendera. Katika safari yote hiyo, aliyeitwa huru alikuwa na bwana aliyemwachilia. Je, huyu wetu ameachiliwa na bwana gani? Katika kaunti hii na kwa jirani zetu wa Kericho, ambako mchujo wa chama kinachotamba ndio uchaguzi wenyewe na Agosti huja kuthibitisha tu, wengi wa wanaowania bila chama ni watu walioangushwa kwenye mchujo. Hawakuachwa huru. Waliachwa.

Pana pia kero ya masikio. Mwaka 2013 na 2017 palikuwa na Uhuru kwenye karatasi ya kura ya urais, na mtangazaji mwenye haraka akisema "mgombea huru", msikilizaji alijijazia mwenyewe. Isitoshe, msimamizi wa yote ni Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Huru ya Tume maana yake haipokei amri ya mtu. Huru ya mgombea maana yake hana chama. Mwandishi anayeziweka zote mbili katika sentensi moja, kisha akatulaumu wasomaji kwa kutoelewa, ana ujasiri wake.

Watanzania husema "mgombea binafsi". Ni istilahi yenye historia ndefu mahakamani: Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania tangu 1993, akashinda Mahakama Kuu, Bunge likabadili Katiba, Mahakama ya Rufani ikamrudisha nyuma mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki. Tangu mfumo wa vyama vingi urejee, hata hivyo, haijafika kwenye karatasi ya kura ya nchi hiyo. Nalo "binafsi", la nafsi, hapa kwetu linasikika karibu mno na ubinafsi, na wanasiasa wetu hawahitaji msaada upande huo.

"Wa kujitegemea" ndilo chaguo la mwandishi mmoja wa safu anayependa kunisahihisha. Amekopa Azimio la Arusha la 1967 akasahau kusoma Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 99 inamtaka asiye na chama aungwe mkono na wapiga kura 1,000 wa eneobunge ili awanie ubunge. Ibara ya 193 inataka 500 wa wadi kwa mwakilishi wadi. Kwa urais ni 2,000 katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24, na Reuben Kigame, aliyetaka kuwania bila chama, alikwama kwenye stakabadhi za waungaji mkono hao mwaka 2022. Mtu anayebisha hodi zote hizo anajitegemea wapi?

Neno langu ni "kivyake". Ki- ya namna, vya, na -ake: Kibantu kitupu, hakikukopwa popote. Mkulima wa Mogogosiek anayeuza majani chai nje ya kiwanda chake cha KTDA hatumwiti mkulima huru. Twasema anauza kivyake. Neno halisifu wala halikashifu, na linanyambulika: nagombea kivyangu, wamegombea kivyao. Nimeambiwa ni la mtaani. Kwani "kugombea" kumetoka ikulu? Kumetokana na gomba, ugomvi, na kauli ya kutendea: kugombana kwa ajili ya kitu. Istilahi nzima ni ugomvi uliovishwa tai.

Angalizo: wa chama kidogo si kivyake. Isaac Ruto alishindwa ugavana wa Bomet mwaka 2017 na 2022 akiwa na Chama Cha Mashinani (kifupi chake, CCM, huwachekesha Watanzania), lakini alikuwa na cheti cha chama. Chepalungu hata ilimchagua mbunge wa chama hicho mwaka 2022. Kumwita mgombea wa namna hiyo "huru", kama nilivyosikia, ni uvivu.

Mfano wa matumizi, kwa ufupi: mgombea kivyake hupeleka alama yake mwenyewe kwa Tume, na siku ya kuhesabu hujitafutia mawakala kituo kwa kituo, kwa sababu ndio wanaoonyeshwa kila karatasi, wanaoweza kudai kura zihesabiwe upya, tena si zaidi ya mara mbili, na wanaotia saini fomu. Mwenye chama hupangiwa.

Kamati ikipenda kulichukua neno bila kunitaja, haitakuwa mara ya kwanza.