Laki

Laki ni jina la Kiswahili la namba 100,000, yaani elfu mia moja. Ni namba asilia inayofuata 99,999 na kutangulia 100,001.

Asili ya jina

Neno limetoka katika lugha za Bara Hindi (Kihindi: lakh), na asili yake ni Kisanskrit. Wahindi huandika 1,00,000, lakini Afrika Mashariki mkato huwekwa kila baada ya tarakimu tatu kutoka kulia: 100,000.

Sifa za kihisabati

Laki ni kipeo cha tano cha 10. Vigawo vyake tasa ni viwili tu, 2 na 5:

100,000 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 5 × 5 × 5 × 5

Kwa kuwa kila kimoja kinatokea mara tano, idadi ya vigawo vyote ni 6 × 6 = 36. Laki si mraba wa namba nzima: 316 × 316 ni 99,856, na 317 × 317 ni 100,489. Ikigawanywa kwa 3 au kwa 9 hubaki 1, kwa sababu 99,999 hugawanyika kwa zote mbili. Chini ya laki kuna namba tasa 9,592. Kubwa kuliko zote ni 99,991. Namba tasa ya kwanza baada ya laki ni 100,003.

Katika vipimo na fedha

Kilomita moja ina sentimita laki moja. Hivyo kwenye ramani ya skeli 1:100,000, sentimita moja ni kilomita moja ardhini. Nchini Tanzania, shilingi laki moja ni noti kumi za 10,000. Nchini Kenya ni noti mia moja za 1,000.

Kusoma na kuandika

Katika mazungumzo neno "elfu" mara nyingi huachwa. Kwa mfano, mfugaji wa Oldonyo Sambu, kata iliyoko kaskazini-magharibi mwa Mlima Meru kando ya barabara ya Arusha–Namanga, akiuza dume kwa "laki saba na hamsini", mnunuzi huelewa 750,000. Lakini maneno hayohayo yakiandikwa kwenye hati na kusomwa kama yalivyo ni 700,050. Tofauti ni shilingi 49,950.

Kwa sababu hiyo, katika mikataba na stakabadhi inafaa kutaja kila nafasi, na kuandika kiasi kwa maneno na kwa tarakimu pia:

* 750,000: laki saba na elfu hamsini
* 700,050: laki saba na hamsini
* 205,000: laki mbili na elfu tano
* 200,005: laki mbili na tano

"Laki mbili na nusu" ni 250,000, kwani nusu hiyo ni ya laki.

Laki kumi ni milioni moja.