KM 5,000 ZA KUMWAGA OIL ZILITOKA WAPI?
Wadau, fundi akisema mwaga oil kila km 5,000, ushawahi kumuuliza kwa nini? Ford Model T ya 1908 haikuwa na filta wala pampu ya oil, uchafu ulizunguka humohumo kwenye injini. Filta zikaja miaka ya 1920, oil nazo zikaboreshwa, ila Wamarekani wengi wakabaki na maili 3,000, yaani kama km 4,800. Leo gari mpya na oil ya sintetiki inafika hata 10,000, lakini hapo inateleza highway. Sio foleni ya Mbagala, injini inanguruma lisaa zima na kilomita hazisogei! Vumbi ndo usiseme. Mshkaji wangu mmoja (jina kapuni) alisubiri 10,000 zake foleni hizohizo. Saa hizi anapanda daladala, injini iko chini kwa fundi. Wewe unamwaga baada ya ngapi?