Diski Haisomi

Katika vibanda vya mafundi wa kompyuta, kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, na kutoka Kahama kupitia Kakola hata kufika Geita, hakuna lalamiko lisikikalo mara nyingi kuliko hili la maneno mawili: diski haisomi. Mgeni wa kazi hiyo aweza kudhani kwamba lugha imepinduliwa, maana kitenzi kimetwikwa kitu kinachosomwa badala ya kile kisomacho. Walakini wenyeji hawana shaka nalo, na husema vivyo hivyo juu ya laini ya simu, kadi ya memori na flashi. Mimi naliona neno hili kuwa bora kuliko lile la vitabuni la “kutambuliwa”, kwa kuwa linaonyesha mahali hasa kosa lilipo: chombo kimo ndani, kinapewa umeme, kinazunguka na kuvuma, ila jina lake halijaandikwa katika daftari la mwenye nyumba.

Habari ya daftari na mlango si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1940 Dk. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua almasi Mwadui, na mji uliochipuka juu ya ugunduzi ule ulizungushiwa uzio, ukawa mji usioingiwa wala kutokwa ila kwa kupita langoni na kukaguliwa. Humo ndimo lilimopatikana, mwaka 1947, jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5 alilotunukiwa Binti Mfalme Elizabeth katika mwaka wa arusi yake. Sasa tuchukulie, kwa tamthili tu, kwamba karani wa lango kama lile ana desturi ya kuandika majina ya watu alfajiri peke yake, kisha hufunga daftari mpaka kesho: mtu ajaye saa nne atasimama mbele yake kwa mwili wake wote, atasalimu, atakohoa, na asihesabiwe kuwa yupo. Ndivyo zilivyokuwa kompyuta za zamani kwa diski zake, na ndivyo ulivyokuwa mfumo endeshi wa Linux kwa miaka mingi ya utoto wake.

Kompyuta yenyewe ilichelewa kufika kwetu, na kuchelewa huko kulikuwa kwa amri. Serikali iliweka kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974, baada ya hasara na usumbufu wa mitambo ile, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni pamoja, na marufuku hiyo ikadumu muda mrefu kiasi kwamba watoto waliozaliwa siku zake walimaliza shule bila kuiona kompyuta kwa macho. Kisha yakaja mageuzi ya biashara, ikaja Sheria ya Madini ya mwaka 1998, na baada yake migodi mikubwa: Geita ikafunguliwa upya mwaka 2000, ilhali mgodi wake wa kikoloni ulikuwa umefungwa tangu 1966; Bulyanhulu ikafuata mwaka 2001, na Buzwagi, jirani kabisa na Kahama mjini, mwaka 2009. Nyuma ya migodi walikuja wenye mishahara, na nyuma ya mishahara vikaja vibanda.

Wakati amri ile ya 1974 ilipokuwa imekwisha kulegea, huko Helsinki mwanafunzi Linus Torvalds alitangaza, tarehe 25 Agosti 1991, kwamba anatengeneza mfumo endeshi, ndio huo wa Linux, kwa ajili ya kujifurahisha. Kiini cha mfumo huo alichokiandika kilizihesabu diski mara moja tu, wakati wa kuwashwa, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Maana nyaya za IDE ambazo diski za siku zile zilifungiwa hazikubuniwa hata kidogo kwa kuchomolewa umeme ukiwa unapita. Ila viwanda vya laptopu havikusubiri. IBM iliipa ThinkPad uwazi ubavuni iliouita UltraBay, na Dell ikaipa Latitude uwazi wa namna yake, ili msafiri aweze kuvuta kisoma-sahani na kutia diski ya pili au betri badala yake. Wazee wa pwani waliita droo “mtoto wa meza”. Basi nami, kwa ruhusa ya msomaji, nitauita uwazi huu mtoto wa kompyuta.

Mtumiaji wa Linux aliyebadilisha mtoto bila kuzima mashine alikuwa katika hatari. Ilimpasa kwanza aliondoe jina la diski kwa mkono kwa programu ya hdparm, iliyoandikwa na Mark Lord, kwa herufi U. Halafu atie diski nyingine na kuisajili kwa herufi R. Na maelezo ya programu yenyewe yalimwonya kwamba kazi hiyo ni ya hatari. Akisahau, kiini kiliendelea kuzungumza na diski iliyokwisha kuondoka, mithili ya mtu anayemhadithia mgeni aliyetoka zamani kwa mlango wa uani, na mara nyingi mazungumzo hayo yaliishia kwa mashine kuganda.

Ukombozi ulikuja kidogo kidogo. Kiini cha 2.6, kilichotolewa Desemba 2003, kilileta saraka ya /sys, ambamo kila kifaa kina ukurasa wake unaosomeka na kuandikika. Greg Kroah-Hartman na wenzake wakaleta udev, karani mpya aandikaye majina saa yoyote ya usiku na mchana. Na katika toleo la 2.6.18, Septemba 2006, kazi ya Tejun Heo katika maktaba ya libata, iliyoanzishwa na Jeff Garzik, ikawezesha diski za SATA, namna mpya iliyofuata IDE, kuingia na kutoka mashine ikiwa macho. Katika miaka hiyo hiyo Kristen Carlson Accardi aliandika programu ya kusikiliza kitasa cha mtoto wa laptopu, ili mtu akikivuta, kiini kipate habari kabla ya diski kutoka. Mimi huona ya kwamba hili la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na adabu zetu, kwa kuwa ni hodi ya kuondoka, nasi tunajua kwamba aondokaye bila kuaga huharibu zaidi kuliko aingiaye bila kubisha: maandishi ambayo yangali katika kumbukumbu ya mashine, yakingoja kushushwa kwenye diski, hupotea pamoja naye.

Lakini tarehe hizo ni za viwandani na za Ulaya na Marekani, na taarikhi ya ufundi katika nchi hii haihesabiwi kwa kalenda hiyo. Hapa chombo huzaliwa siku kinapofika. Laptopu iliyouzwa mpya London mwaka 2007 hufika Kariakoo ikiwa mtumba, hupanda basi hadi Kahama, na fundi huifungua kwa mara ya kwanza wakati walioitengeneza wamekwisha kuisahau. Kwa hiyo aghalabu kijana wa Geita amekutana na mashine ya SATA kwanza na ya IDE baadaye, akazisoma sura za kitabu kutoka mwisho kuja mwanzo, na hajapungukiwa na lolote. Kadhalika lugha nayo ilikuja kwa njia yake: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili, ikiwa tunda la mradi wa Kilinux. Mafundi niliowauliza hawaikumbuki sana. Wao wana msamiati wao, na nilikwisha kusema kwamba naupenda.

Mtoto wa kompyuta alipendwa huku kwa sababu ambazo wabunifu wake, nadhani, hawakuziwaza. Ya kwanza ni vumbi, ambalo huipofusha lenzi ya kisoma-sahani kabla ya mambo mengine yote, hata kisoma-sahani kikawa mzigo usio na faida, na sahani zenyewe zikaishia kuning'inizwa katika mashamba ya mpunga kutisha ndege. Ya pili ni umeme, ambao hukatika pasipo taarifa. Ya tatu ni biashara ya kuingiza nyimbo na filamu katika kadi za memori, biashara inayodai diski kubwa zaidi ya moja. Fundi basi hukitoa kisoma-sahani kipofu, akatia mahali pake kifremu chepesi kiitwacho kedi chenye diski ya pili ndani yake, na siku za giza akaitoa kedi akatia betri.

Siku hizi viwanda vimewafunga watoto hawa. ThinkPad T440p ya mwaka 2013 ni katika za mwisho kuwa naye. Zilizofuata ni nyembamba kama sinia, na diski zake zimebanwa ndani kwa skrubu.

Asubuhi moja Kahama, katika kibanda ambacho watu wanne hawawezi kukaa bila kugusana magoti, nilimkuta kijana mwenye ThinkPad T420 na kedi mbili, moja imetiwa alama ya rangi ya kucha nyekundu kwa nyimbo za Kisukuma, nyingine haina alama nayo ni ya filamu. Mama mmoja alikuwa ameketi akingoja kadi yake, ambayo ilikuwa ikijazwa kutoka diski ya ndani. Nilisalimu, “Mwangaluka,” wakaitikia. Mara umeme ukakatika, taa ikazimika, laptopu ikahamia kwenye betri. Na kijana, asijali, akavuta kedi nyekundu na kusukuma ile ya filamu. Diski ikavuma. Kwenye kioo hapakutokea kitu.

“Haisomi,” nikasema, nikitaka kuonekana mjuzi. “Zima uwashe.”

“Hapana, babu. Nikizima, huyu mama anaanza upya.”

Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika polepole, huku akitamka kila herufi kwa midomo: `echo "- - -" > /sys/class/scsi_host/host1/scan`. Nilimwuliza vile vistari vitatu ni nini. Akasema ni kumwambia karani asichague: chaneli yoyote, kifaa chochote, namba yoyote, aangalie kote. Na kwa nini karani hakuona mwenyewe? Akanifungulia faili nyingine katika saraka ile ile, link_power_management_policy, ndani yake limeandikwa neno min_power. Mashine ilipoingia kwenye betri ililaza mlango wa ubavuni ili kuokoa umeme, na mlinzi aliyelala hasikii hodi. “Nimemwamsha tu,” akasema. Kisha akanionyesha na amri ya kuaga, ya kuandika tarakimu 1 katika faili ya delete ya diski kabla ya kuivuta, akakiri kwamba wakati wateja wakiwa wengi huisahau.

Taa ndogo ya ubavuni ikapepesa mara mbili. Jina la diski likatokea kiooni, na majina ya filamu yakafuatana chini yake. Kadi ya mama nayo ikajaa. Kijana akaichomoa, akaipangusa kwa shati, akampa. Mama akaitia katika simu yake, akaishika simu mbali kidogo na macho kama wafanyavyo watu wa umri wetu, akangoja.

“Inasoma,” akasema, akafungua fundo la kanga kutafuta pesa.